Mpango wa Sentensi: Somo Tunalolipata katika Kiholanzi



Liko neno linalosikika mara nyingi katika shule zetu, nalo ni hili: kwamba Kifaransa na Kilatini zina sarufi, lakini lugha tunazozisema nyumbani na sokoni hazina, ni maneno tu, kila mtu huyapanga apendavyo. Katika mdahalo wa muhula uliopita neno hilo lilisemwa mbele ya shule nzima, na wengi walipiga makofi. Wadogo zetu wa madarasa ya kwanza walikuwapo, wakasikia. Mtoto akisikia hivyo mara kwa mara, mwisho huona haya kufungua kinywa mbele ya watu kwa lugha ya mama yake, na kwa lugha ya kigeni bado hajawa hodari. Basi hubaki kimya. Hilo si jambo dogo.

Nataka kulijibu neno hilo kwa utaratibu, wala si kwa hasira. Tena nitapita njia ya kuzunguka kidogo, yaani kwa kuchunguza lugha ambayo si ya mtu yeyote kati yetu: Kiholanzi. Sababu ni hii. Mtu hazioni sheria za lugha yake, kama vile asivyohesabu hatua zake anapokwenda kisimani. Lakini akianza lugha ngeni, kila sheria humkwaa mguuni, naye hulazimika kuinama na kuitazama. Akiisha kuitazama huko, ataweza kuitambua hata kwao.

Padri mmoja mzee wa hapa Kivu, mzaliwa wa Flanders, hunifundisha Kiholanzi kila Jumamosi mchana. Mimi nina miaka 19, nami ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, upande wa Kilatini. Mifano yote ya Kiholanzi iliyomo humu ameisoma yeye kwanza.

Kiholanzi ni lugha ya Uholanzi, na ya upande wa kaskazini wa Ubelgiji, ambako watu wengi hukiita Kiflemi. Ubelgiji una lugha tatu za serikali: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Kiholanzi ni lugha ya serikali pia katika Suriname, Amerika ya Kusini. Na Kiafrikaans cha Afrika Kusini kimezaliwa na Kiholanzi kilichofika Rasi ya Tumaini Jema na walowezi wa mwaka 1652.

I. MAHALI PA PILI

Tuanze na sentensi nyepesi:

Piet leest morgen een boek.

Neno kwa neno ni: Piet – asoma – kesho – kitabu. Kitenzi ni "leest". Sasa tulete "morgen", yaani kesho, mwanzoni. Sisi tungesema, "Kesho Petro atasoma kitabu." Mfaransa naye angefanya vivyo hivyo: "Demain Pierre lira un livre." Lakini Mholanzi hasemi "Morgen Piet leest een boek". Akimsikia mtu anasema hivyo atajua mara moja kwamba ni mgeni. Yeye husema:

Morgen leest Piet een boek.

Kesho – asoma – Piet – kitabu. Na akitaka kuanza na kitabu, husema:

Dit boek leest Piet morgen.

Kitabu hiki – asoma – Piet – kesho. Tazameni vema. Kitu cha kwanza kinabadilika: mara ni Piet, mara ni kesho, mara ni kitabu. Mtenda anahamahama. Lakini kitenzi "leest" hakihami. Kimekaa mahali pa pili katika sentensi zote tatu, kama mzee aliye na kiti chake barazani. Kijerumani nacho kina sheria hii, na hata Kiswidi, Kidenmarki na Kinorwe. Kiingereza cha zamani kilikaribiana nayo, kisha kikaiacha, ila mabaki machache.

Kama Piet akiulizwa kama atasoma, mahali pa kwanza huachwa wazi, na kitenzi huonekana kimetangulia:

Leest Piet morgen een boek?

Sasa nawauliza: "mahali pa pili" maana yake nini? Je, ni neno la pili? Wanafunzi wengi hujibu haraka kwamba ndiyo. Basi tusome hii:

De oude moeder van mijn vriend leest morgen een boek.

Maana yake, mama mzee wa rafiki yangu anasoma kitabu kesho. Hesabuni: de, oude, moeder, van, mijn, vriend. Ni maneno sita kabla ya kitenzi, na kitenzi ni neno la saba! Na hii je?

Op de eerste dag van de week leest Piet een boek.

"Siku ya kwanza ya juma Piet asoma kitabu." Hapa kitenzi ni neno la nane. Lakini Mholanzi husikia kwamba kiko mahali pa pili, wala hakosei hata mtoto wa miaka minne. Hawezi kukiweka "leest" baada ya neno la kwanza, "op", wala katikati ya "de eerste" na "dag". Maana yake, Mholanzi hahesabu maneno. Huhesabu mafungu.

Fungu ni nini? Ni maneno yaliyoshikana kiasi cha kuhesabiwa kuwa kitu kimoja. Kuna njia mbili za kulipima. Kwanza, fungu huhama lote pamoja. Pili, fungu lote laweza kuondolewa na neno moja likakaa mahali pake: "de oude moeder van mijn vriend" waweza kuliondoa lote ukaweka "zij", yaani yeye, na "op de eerste dag van de week" waweza kuliondoa ukaweka "dan", yaani wakati huo. Zij leest. Dan leest Piet. Kitenzi kimerudi kuwa neno la pili, na sheria ni ile ile.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka msomaji alishike: sentensi si shanga zilizotungwa katika uzi, moja baada ya nyingine. Sentensi ni nyumba yenye vyumba, na chumba huwa na watu wengi au mtu mmoja. Sheria za lugha huhesabu vyumba, haziwahesabu watu.

II. JE, KISWAHILI NACHO HUHESABU MAFUNGU?

Tusiende mbali kabla ya kulipima jambo hili nyumbani. Someni sentensi hii:

Funguo za mlango wa nyumba ya mwalimu zimepotea.

Kwa nini tunasema "zimepotea"? Neno lililo karibu kabisa na kitenzi ni "mwalimu". Kama Kiswahili kingekuwa maneno yaliyopangwa tu, kitenzi kingemfuata jirani yake, tukasema "amepotea". Lakini hapo msikilizaji angeondoka kwenda kumtafuta mwalimu! Kitenzi kimewaruka mwalimu, nyumba na mlango, kikalifuata "funguo", neno lililo mbali kuliko yote. Kimejua kwamba "funguo za mlango wa nyumba ya mwalimu" ni fungu moja, na mkuu wa fungu hilo ni "funguo".

Nani alitufundisha? Si mwalimu wa shule. Kila mtoto wa hapa asiyejua kusoma hufanya hesabu hiyo kwa nukta moja, katika Kiswahili na katika lugha ya kwao yenye ngeli kama hizo. Basi tayari tumeona sheria ile ile ikifanya kazi katika lugha mbili zisizo na undugu: Kiholanzi huitumia kuweka kitenzi mahali pake, na Kiswahili huitumia kupatanisha kitenzi na mtenda.

III. MAHALI PA MWISHO

Turudi kwa Waholanzi, maana bado hatujaona la ajabu. Tuseme mtu anataka kusema, "Najua kwamba Piet anasoma kitabu kesho." Atasema:

Ik weet dat Piet morgen een boek leest.

Neno kwa neno: Mimi – najua – kwamba – Piet – kesho – kitabu – asoma. Kitenzi "leest" kimekwenda mwisho kabisa! Lile neno "dat" ni kama "kwamba" yetu, na kila sentensi ndogo inayoongozwa nalo hufunga kwa kitenzi. Na kama sentensi kubwa ina vitenzi viwili, kimoja hukaa mahali pa pili na cha pili hukaa mwisho:

Piet wil morgen een boek lezen.

Piet – ataka – kesho – kitabu – kusoma. Kitenzi kimoja huku, kingine kule, na mambo yote mengine katikati, kama kitu kilichoshikwa kwa koleo. Kijerumani hufanya hivyo pia, na tangu mwaka 1937 Erich Drach, Mjerumani, alikwisha kuieleza sentensi ya lugha yake kwa kuigawa katika sehemu zenye mipaka.

Hapo mwanafunzi huchoka. Husema: "Mahali pa kitenzi cha Kiholanzi ni pa pili au ni mwisho? Lugha hii haina msimamo." Lakini tukichimba chini kidogo tutaona msimamo wake. Tutazame kitenzi "opbellen", yaani kupiga simu. Kina vipande viwili: "op" na "bellen". Katika sentensi ndogo vipande hukaa pamoja mwisho:

dat Piet morgen zijn moeder opbelt (kwamba Piet anampigia mama yake simu kesho)

Lakini katika sentensi kubwa:

Piet belt morgen zijn moeder op.

Kitenzi kimekwenda mahali pa pili, na kipande chake "op" kimebaki mwisho peke yake. Ukikuta kofia ya mtu juu ya kiti, utajua kwamba mwenyewe alikuwa ameketi hapo kabla ya kuinuka. Ndivyo "op" inavyotuonyesha kwamba makao ya kitenzi cha Kiholanzi ni mwisho, na kwamba mahali pa pili ni pa kuhamia tu. Hoja ya namna hii ilitolewa na Mholanzi Jan Koster katika makala yake ya mwaka 1975.

Kwa nini basi kitenzi hakihami katika sentensi yenye "dat"? Mholanzi mwingine, Hans den Besten, alitoa jibu zuri katika makala iliyochapishwa mwaka 1983. Alisema kwamba mahali kinapohamia kitenzi na mahali panapokaa "dat" ni pamoja. Kiti ni kimoja. "Dat" akiwa amekikalia, kitenzi hakina pa kwenda, hubaki nyumbani kwake mwisho. "Dat" asipokuwapo, kiti ni wazi, na kitenzi huenda kukikalia.

Tazama sasa jinsi sheria zilivyopungua. Mwanzo tulidhani kuna sheria mbili zinazogombana, moja ya mahali pa pili na moja ya mahali pa mwisho. Kumbe sheria ni moja: kiti kile kisiachwe wazi, ama akae "dat", ama kitenzi.

IV. KITI HICHO KATIKA KISWAHILI

Niliposoma habari za kiti hicho niliuliza kama kiko kwetu. Kipo. Someni sentensi mbili hizi:

Kitabu ambacho Petro alikisoma kimepotea.

Kitabu alichokisoma Petro kimepotea.

Maana ni moja. Lakini Petro yuko wapi? Katika ya kwanza yuko kabla ya kitenzi: Petro alikisoma. Katika ya pili yuko baada ya kitenzi: alichokisoma Petro. Katika Kiswahili sanifu hatuandiki "Kitabu Petro alichokisoma kimepotea". Mwalimu atapiga mstari mwekundu, naye atakuwa na haki. Lakini je, amewahi kutuambia kwa nini?

Jibu ni lile la den Besten. Baada ya jina "kitabu" kuna kiti cha kiungo, cha kuunga jina na sentensi ndogo inayolieleza. Katika sentensi ya kwanza kiti hicho kimekaliwa na neno zima, "ambacho". Basi kitenzi kinakaa mahali pake pa kawaida, baada ya mtenda wake. Katika sentensi ya pili hakuna "ambacho". Kiungo ni silabi tu, "cho", nayo haiwezi kusimama peke yake. Imo tumboni mwa kitenzi. Kwa hiyo kitenzi chenyewe chainuka, kinambeba "cho", kinakwenda kukikalia kiti. Kikimpita Petro, Petro huachwa nyuma. Ndiyo maana Petro huonekana baada ya kitenzi. Katherine Demuth na Carolyn Harford waliandika mwaka 1999 juu ya jambo hili katika lugha za Kibantu, na waliona kwamba pale kiungo kinaposhikamana na kitenzi, mtenda hufuata nyuma.

Msomaji mkali ataniambia: "Mbona twasema 'Petro alipofika tuliondoka', na Petro yuko mbele?" Ni kweli. Lakini hapo hakuna jina lililotangulia la kuelezwa. Petro ametangulizwa nje ya yote, kama kusema "kwa habari ya Petro". Weka jina mbele, na mpango huonekana tena: "siku aliyofika Petro".

Sasa natoka katika Kiswahili cha vitabu, naja katika Kiswahili cha hapa mitaani kwetu, kile kinachochekwa kuliko vyote. Sokoni mtu husema:

Kitabu yenye Petro alisoma imepotea.

Wasomi hutikisa kichwa wakisema, "Hawa hawajui sarufi." Ngeli za Kiswahili sanifu hazikufuatwa, hilo nakubali, na katika mtihani tuandike "ambacho" na "kimepotea". Lakini tazameni mpango wake! Neno "yenye" limekuwa neno la kuunga, limekalia kiti kama "ambacho" na kama "dat". Na kwa kuwa kiti kimekaliwa, Petro amebaki mbele ya kitenzi, mahali pake pa kawaida. Hakuna mtu wa sokoni asemaye "Kitabu Petro yenye alisoma". Mama muuza ndizi ambaye hakukanyaga shule anaishika sheria ile iliyowapa kazi wataalamu wa Uholanzi miaka mingi. Basi msemo wake si fujo. Una mpango wake tofauti na wa kitabu, lakini ni mpango.

V. KAMBA ZINAZOPISHANA

Liko jambo moja zaidi la Kiholanzi ambalo limekifanya kiwe mashuhuri kwa wataalamu wa lugha. Sisi twasema: "kwamba Jan alimwona Piet akiwasaidia watoto kuogelea." Kila mtu yuko jirani na kitendo chake: Jan aliona, Piet akisaidia, watoto kuogelea. Mholanzi husema:

dat Jan Piet de kinderen zag helpen zwemmen

Yaani: kwamba – Jan – Piet – watoto – aliona – kusaidia – kuogelea. Watu watatu kwanza, kisha vitendo vitatu. Mtu wa kwanza ana kitendo cha kwanza, wa pili ana cha pili, wa tatu ana cha tatu. Ukichora kamba kutoka kwa kila mtu mpaka kitendo chake, kamba zote zitapishana. Mjerumani naye, ingawa ni ndugu yake, hupanga kinyume:

dass Jan Piet den Kindern schwimmen helfen sah

Kwamba – Jan – Piet – watoto – kuogelea – kusaidia – aliona. Hapa mtu wa mwisho ana kitendo cha kwanza, na mtu wa kwanza ana kitendo cha mwisho. Kamba hazipishani, moja imo ndani ya nyingine, kama vikapu vilivyopakatana.

Mmarekani Noam Chomsky alikwisha kuonyesha mwaka 1957 kwamba mtu hawezi kueleza sentensi kwa kusema tu neno gani lafuata neno gani. Mpango wa Kiholanzi umeongeza ugumu, maana hizo kamba zinazopishana haziingii vizuri hata katika mchoro wa kawaida wa mafungu ndani ya mafungu. Mwaka 1986 Emmon Bach, Colin Brown na William Marslen-Wilson walitoa matokeo ya uchunguzi waliowafanyia Waholanzi na Wajerumani, kila mmoja kwa lugha yake. Sentensi zilipokuwa ndefu zaidi, Waholanzi walizielewa kwa wepesi kuliko Wajerumani. Kumbe mpango unaoonekana kwetu kuwa umefumbana ndio uliokuwa mwepesi zaidi kwa wenyewe! Tusiwe wepesi wa kusema kwamba lugha ya watu fulani ni ngumu au haina akili kwa sababu tu haifanani na yetu.

VI. JE, UKO MPANGO ULIO WA AKILI KULIKO MINGINE?

Mwaka 1784 Mfaransa Antoine de Rivarol alipata tuzo ya Chuo cha Elimu cha Berlin kwa insha yake juu ya Kifaransa. Humo alidai kwamba Kifaransa hufuata mpango wa akili yenyewe: kwanza mtenda, kisha kitenzi, kisha mtendwa. Nadhani neno lile la mdahalo wetu ni mjukuu wa insha hiyo, ingawa waliolisema hawakuisoma.

Tumpime Rivarol kwa hesabu. Mwaka 1963 Joseph Greenberg, Mmarekani, alilinganisha lugha 30 za mabara mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, akatoa kanuni 45. Baadaye Matthew Dryer alihesabu mpango wa maneno katika lugha 1,376 kwa ajili ya atlasi ya lugha za dunia. Lugha 564 huweka mtenda, kisha mtendwa, na kitenzi mwisho, kama Kijapani na Kituruki. Lugha 488 huweka mtenda, kisha kitenzi, kisha mtendwa, kama Kifaransa na Kiswahili. Lugha 95 huanza na kitenzi, kisha mtenda, kisha mtendwa, kama Kimaasai cha Kenya na Tanzania. Zilizobaki ni za mipango mingine, au hazina mpango mmoja ulio mkuu.

Basi kama wingi ungekuwa ushahidi wa akili, Kijapani kingemshinda Rivarol. Na tena, ule mpango aliousifu, mtenda, kitenzi, mtendwa, ndio huo huo wa Kiswahili: "Petro anasoma kitabu." Anayekisifu Kifaransa kwa sababu hiyo amekwisha kukisifu Kiswahili bila kujua.

Kilatini nacho je? Sisi wa Kilatini twajua kwamba "Petrus librum legit" na "Librum Petrus legit" zote ni sahihi, kwa sababu miisho ya maneno hutuonyesha nani mtenda na nini mtendwa. Kwa hiyo hata lugha inayosifiwa kwa sarufi kuliko zote ndiyo inayoruhusu maneno kuhamahama. Kuhama kwa maneno si dalili ya kukosa sheria. Ni dalili kwamba sheria imekaa mahali pengine.

Na Kiholanzi, katika hesabu hiyo ya Dryer, kimewekwa wapi? Kimewekwa katika kundi la lugha zisizo na mpango mmoja mkuu! Mtu akisoma hilo tu angesema, "Hawa Waholanzi hupanga wapendavyo." Lakini sisi tumekwisha kuona kwamba sheria yao ni kali, ila iko chini, haionekani kwa mtu apitaye mbio. Kama hukumu hiyo ingekuwa ya haraka kwa Kiholanzi, basi ni ya haraka pia kwa lugha zetu.

VII. MAMBO YA KUSHIKA

Nayarudia kwa ufupi kwa ajili ya wadogo zetu:

1. Lugha huhesabu mafungu, haihesabu maneno moja moja.
2. Kila fungu lina mkuu wake, na kitenzi humfuata mkuu, hakimfuati jirani.
3. Sentensi ina viti vyake. Kiti kikikaliwa na mmoja, mwingine hubaki nyuma. Kikiwa wazi, mwingine huhamia.
4. Lugha hutofautiana katika nani akae wapi. Hazitofautiani katika kuwa na viti.

Anayetaka kujua kama lugha ya kwao ina sarufi asiulize kama ina kitabu cha sarufi. Aulize hivi: je, iko sentensi ambayo nikiisema bibi atacheka, au atanisahihisha? Kama iko, iko na sheria iliyovunjwa. Na kazi ya kuiandika sheria hiyo ni yetu sisi tunaojua kusoma, kabla wazee hawajaondoka nazo.

MAZOEZI

1. Sahihisha sentensi hii: "Vandaag Marie koopt brood." (Leo Marie ananunua mkate.)
2. Weka "Ik weet dat" mbele ya sentensi hii, kisha ubadilishe inavyopasa: "Marie koopt vandaag brood."
3. Andika bila kutumia "ambayo": "Barua ambayo mama aliiandika imefika." Mama amekwenda wapi?
4. Tafsiri "kitabu alichokisoma Petro" kwa lugha ya kwenu. Muulize mzee mmoja kama Petro aweza kukaa kabla ya kitenzi na baada yake pia. Andika jibu lake, pamoja na jina la kijiji.

Majibu: (1) Vandaag koopt Marie brood. (2) Ik weet dat Marie vandaag brood koopt. (3) Barua aliyoiandika mama imefika. Mama amekwenda nyuma ya kitenzi.

Majibu ya zoezi la nne yaletwe maktaba, yaandikwe katika daftari lililowekwa karibu na dirisha. Daftari hilo sasa halina kitu ila kichwa cha habari. Likijaa, mdahalo ule utarudiwa, na safari hii tutakuja na ushahidi mkononi.